Oili Nzito Si Dawa ya Injini Kuukuu

Mteja akifika katika duka la vipuri mjini Machakos kununua oili, huulizwa gari ni la aina gani na ana pesa ngapi. Swali la maana zaidi, kwamba mtengenezaji wa injini hiyo aliagiza oili gani, husikika kwa nadra. Hata likiulizwa, jibu huwa tayari mdomoni: weka twenti-fifti, yaani 20W-50, huku Ukambani kuna joto na gari lenyewe limeshazeeka. Ushauri huo ulifaa enzi za Peugeot 504. Kwa magari mengi yanayoteremshwa bandarini Mombasa siku hizi, unawatia watu hasara.

Tuanze na nambari zenyewe. Zimewekwa na SAE, chama cha wahandisi wa magari kilichoundwa Marekani mwaka wa 1905. Nambari inayotangulia herufi W hueleza jinsi oili inavyotiririka kwenye baridi. Ya pili hueleza uzito wake ikifika joto la nyuzi 100. Katika joto hilo, uzito wa oili ya daraja la 20 haufiki sentistoki 9.3, ilhali ule wa daraja la 50 huanzia 16.3. Injini ikiwa imepoa, pengo hupanuka: 20W-50 inaweza kuwa nzito mara tatu ya 0W-20 au zaidi. Gari likilala nje usiku wa Julai, kisha likawashwa alfajiri ukungu ukiwa bado umetanda Iveti, vyuma vya juu ya injini hukaa vikisubiri oili ipande. Hapo ndipo vinaposagana.

Hoja ya joto la Ukambani nayo haina nguvu ambayo watu huipa. Injini ina thamostati, na kazi yake ni kuhakikisha maji ya radieta yanabaki karibu na nyuzi 90, gari liwe Machakos au katika theluji ya Hokkaido lilikotoka. Likishapata moto, oili iliyo ndani haijui liko wapi. Kinachobadilisha mambo ni mzigo mzito na mwendo wa muda mrefu, na hayo mtengenezaji huyaeleza katika kitabu cha gari.

Kwa nini uzito uliozidi udhuru? Kwa sababu katika injini za leo oili hufanya kazi zaidi ya kulainisha. Katika mfumo kama VVT-i wa Toyota, shinikizo la oili ndilo linalozungusha gia ya kamshafti kidogo mbele au nyuma ili vali zifunguke kwa wakati unaofaa. Oili hupita kwenye vijitundu vyembamba na vichujio vidogo mno, na ikiwa nzito kupita kiasi ni sawa na kunywa uji mzito kwa mrija. Vali huchelewa, gari hukosa nguvu, petroli huliwa zaidi, na taa ya injini huweza kuwaka. Fundi asiyeuliza ni oili gani imo ndani ataanza kukuuzia sensa.

Sitaki kutisha watu bure. Probox yenye injini ya 1NZ-FE ni mvumilivu, na ukiiwekea oili nzito kidogo itakufikisha Wote na kukurudisha. Lakini Aqua imeundwa kwa 0W-20. Demio ya dizeli ina chujio la masizi kwenye ekzosi, nayo inahitaji oili yenye majivu machache. Ukiikosesha, chujio huziba polepole, na bei ya jipya itakushtua. Kinyume chake pia ni hatari: oili nyepesi katika injini ya lori iliyochakaa hupunguza shinikizo, na metali za krenki huanza kugonga.

Tena nambari peke yake haitoshi. Chini yake kuna herufi za API: zinazoanza na S ni za injini za petroli, zinazoanza na C ni za dizeli. Lori la mchanga linalopanda kutoka mtoni likiwa limejaa hutoa masizi mengi, na oili ya dizeli huwekwa viungo vya kuyabeba masizi hayo yasigande. Oili ya petroli haikuandaliwa kwa kazi hiyo.

Wanaoumia zaidi, kwa maoni yangu, ni vijana wa bodaboda. Katika pikipiki nyingi kama Boxer, oili moja hulainisha injini, gia na klachi pamoja. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi haiwezi kushika bila msuguano. Matokeo utayasikia mlimani: injini inanguruma, abiria ameshikilia, pikipiki haisongi. Mwendeshaji hununua klachi mpya, nayo inateleza vilevile. Atafute chupa yenye alama ya JASO MA au MA2.

Ikiwa kosa limeshafanyika, hatua inategemea kilichomiminwa. Kama ni mafuta ya breki au ya giaboksi, usiwashe injini. Kama inanguruma, izime, na gari livutwe hadi gereji. Kama ni oili ya injini ila uzito si wake, na taa nyekundu ya oili haijawaka, endesha taratibu bila mzigo hadi utakapoibadilisha, siku hiyohiyo ukiweza. Imwagwe ingali na joto, filta itolewe pia, kisha uweke ile sahihi kwa kipimo. Usikubali injini ioshwe kwa dizeli au mafuta ya taa, kwa sababu mabaki yake hupunguza uzito wa oili mpya. Kama unashuku ile mbaya haikutoka yote, badilisha tena mapema.

Oili ya kupima ni janga jingine. Nyingine ni oili chafu iliyochujwa ikarudishwa sokoni, na sampu ikifunguliwa utaona chujio la pampu limegubikwa na lami nyeusi isiyopitisha chochote. Nunua chupa yenye kizibo kisichoguswa na alama ya KEBS, na ukishamaliza itoboe, kwani chupa tupu za chapa zinazojulikana hujazwa upya.

Na kama gereji ndiyo iliyokosea, weka oili iliyomwagwa katika chupa safi mbele ya shahidi, na utunze risiti iliyoandikwa aina ya oili. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kujiwakilisha bila wakili.