Televisheni Iliyofungwa Ili Watoto Walale

Nilipokuwa mtangazaji wa zamu redioni, heri ukosee jina la waziri kuliko kuacha ukimya hewani. Sekunde chache tu, simu ya studio inalia. Ndiyo maana ratiba za televisheni ya BBC za miaka ya 1950 hunishangaza. Humo ukimya umepangiwa saa zake, kama taarifa ya habari.

Chukua siku ya kawaida ya mwaka 1955. Waingereza wengi wenye seti walikuwa hawajakaa nazo muda mrefu. Kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, tarehe 2 Juni 1953, kulitazamwa na zaidi ya watu milioni 20, mamilioni kati yao wakiwa wamejibana sebuleni kwa jirani. Baada ya hapo maduka yaliuza seti kwelikweli. Leseni ya mwaka ilikuwa pauni 3, na matangazo ya biashara BBC haikuwa nayo.

Asubuhi, anayewasha seti haoni kipindi. Anaona mchoro wa duara na mistari, uliorushwa ili wenye maduka wawaonyeshe wateja picha na mafundi waelekeze antena juu ya mapaa. Mchana ni zamu ya wadogo, pamoja na Andy Pandy, mwanasesere wa kuvutwa kwa nyuzi aliyevaa nguo ya milia. Filamu zake za mwanzo zilikuwa 26 tu, nazo zilirudiwa tangu 1950 mpaka mwisho wa miaka ya 1960. Nani angelalamika? Mtoto wa miaka mitatu hachoki na hadithi ileile, na kila mwaka huzaliwa watazamaji wapya. Vilikuwepo pia vipindi vya akina mama, kisha saa 11 jioni watoto wa shule wakapata vyao.

Saa 12 ikigonga, kwisha. Hakuna kipindi mpaka saa 1 usiku. Msomaji wa kwetu atadhani umeme umekatika, lakini huo ulikuwa utaratibu rasmi. Saa za matangazo zilikuwa chini ya waziri wa posta, na saa ile iliachwa wazi ili wazazi wawabandue watoto mbele ya televisheni, wawalaze, na wakubwa kidogo wafanye kazi za shule.

Aliyeivuruga ni mshindani. Tarehe 22 Septemba 1955 ilianza ITV, iliyoishi kwa matangazo ya biashara. Kwao kila jioni saa nzima ya pesa ilikuwa inapotea. BBC haikuwa na haraka, kwa sababu saa tupu haigharimu kitu, ilhali saa yenye kipindi inataka waandishi, kamera na mishahara. Waziri wa posta, Charles Hill, daktari aliyewahi kuwa maarufu redioni kwa ushauri wa afya, alishikilia kwamba kumlaza mtoto ni kazi ya mzazi, si ya serikali. Tarehe 16 Februari 1957 saa ile ikafunguliwa. Siku hiyo, Jumamosi, BBC ilijaza nafasi kwa muziki wa vijana, na Jumatatu yake akaja Cliff Michelmore na kipindi cha mazungumzo kiitwacho Tonight. Kwa kanuni, Hill alikuwa sahihi. Lakini mimi niliyebishana na watoto wangu kila jioni kuhusu kulala, ningeipigia kura ile saa tupu.

Usiku ulikuwa na adabu zake. Watangazaji Sylvia Peters na Mary Malcolm waliwakaribisha watazamaji wakiwa na magauni ya jioni, kana kwamba wageni wameshafika mlangoni. Msomaji wa habari, kinyume chake, alisikika bila kuonekana, kwani ilihofiwa kwamba uso wake ungefichua maoni. Kenneth Kendall alionyeshwa akisoma habari Septemba 1955, siku chache tu kabla ya ITV kuanza. Hofu ile ya uso iliisha upesi mshindani alipobisha hodi.

Kinachonitoa jasho hasa ni tamthilia. Iliigizwa moja kwa moja Jumapili usiku, na ili watazamaji waione tena, waigizaji walirudi studio Alhamisi wakaicheza upya yote, tangu neno la kwanza. Desemba 1954 riwaya ya George Orwell, Nineteen Eighty-Four, ilichezwa hivyo, Peter Cushing akiwa mhusika mkuu. Mateso yaliyoonyeshwa yaliwachafua watu roho, malalamiko yakafika bungeni. Alhamisi ikafika, wakaicheza vilevile. Onyesho hilo la pili ndilo lililohifadhiwa kwenye filamu. La Jumapili lilikwenda na hewa.

Mnamo saa 5 hivi usiku ulipigwa wimbo wa taifa, stesheni ikafungwa. Mipaka ya saa iliyowekwa na serikali iliondolewa Januari 1972.

Huo ulikuwa ukimya wa kupangwa. Usiopangwa nao ulikuwepo, maana kila kitu kikiwa moja kwa moja, mara kamera inagoma, mara kipindi kinaisha mapema. BBC iliweka tayari filamu fupi za kuziba mapengo, na iliyopendwa kuliko zote ilionyesha mikono ya mfinyanzi Georges Aubertin juu ya gurudumu linalozunguka. Udongo unapanda, unashuka, unapanuka, unabanwa tena. Watazamaji walinung'unika kwamba chungu hakimaliziki. Mtu wa zamu anaelewa kwa nini. Chungu kikishakamilika, itabidi umwachie mtazamaji akione, na huku studio imeshakuwa tayari na mwongozaji anapiga kelele masikioni mwako. Kisichokamilika unakikata popote.