Tumbo la uzazi na kadi ya bima: nani analipa Kilosa na Mikumi?

Kwa Sh30,000 kwa mwaka, kaya ya watu 6 wilayani Kilosa imekuwa ikiweza kuwa na kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, CHF. Ukigawa kwa vichwa ni Sh5,000 kila mmoja. Morogoro ni miongoni mwa mikoa mitatu, pamoja na Dodoma na Shinyanga, ambako mfumo huu ulijaribiwa kabla ya kusambazwa nchi nzima mwaka 2018, kwa hiyo watu wa huku si wageni wa kadi hii. Wanajua milango inayofungua: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya na, kwa rufaa, hospitali ya mkoa mjini Morogoro. Hapo ndipo inapokomea.

Mama aliyejifungua hubaki na matatizo ambayo kadi nyingi, za bei nafuu na za bei mbaya, hazitaki kuyasikia. Mimba inapokua, misuli miwili inayoshuka mbele ya tumbo husukumwa kando, mmoja kulia, mwingine kushoto. Kwa wengi hurudi yenyewe baada ya miezi michache. Kwa wengine pengo hubaki, na ngozi juu yake inalegea. Tumbo linabinuka mama anapojiinua kitandani, kiuno kinauma, mkojo unamtoka akikohoa. Wapo pia wanaopata ngiri ya kitovu, au ngiri kwenye kovu la upasuaji wa kujifungua. Upasuaji huo nao unaongezeka: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliukuta katika takribani asilimia 11 ya uzazi wote.

Kwa watu wa bima, ngiri na pengo la misuli ni mambo mawili yasiyokutana. Ngiri ni ugonjwa, na utumbo ukinasa humo ni dharura ya kuokoa maisha. Pengo na ngozi iliyolegea huingizwa kwenye fungu la upasuaji wa urembo, fungu ambalo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, hauligharamii na ambalo kampuni binafsi huliorodhesha kati ya yasiyolipwa. Matokeo yake, daktari anaweza kuziba ngiri na kuliacha pengo lililo pembeni yake, tumbo lilelile, mama akiwa tayari amelala kwenye kitanda cha upasuaji, kwa kuwa mkataba umeweka mpaka hapo.

Mpaka huo umewekwa pabaya. Wazee wetu wa pwani walilifikiria jambo hili kwa haki zaidi. Katika mahari, mama wa binti hutengewa fedha ya mkaja, kwa ajili ya kitambaa alichojifunga tumboni baada ya kumzaa. Walikubali kwamba tumbo la uzazi lina gharama, na kwamba anayenufaika nalo achangie.

Tazama kazi zinazofanywa na matumbo haya. Kiwanda cha sukari cha Ruembe, mali ya Kilombero Sugar, kimezungukwa na mashamba ya wakulima wadogo wa miwa. Mwajiriwa mwenye mkataba ana walau pa kushika: sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na aliye NHIF huchangiwa nusu ya mchango wa asilimia 6 ya mshahara na mwajiri wake. Mkulima wa miwa aliye nje ya kiwanda hana likizo. Mama lishe wa Mikumi anayewapikia madereva wa malori yaendayo Tunduma hana. Mchuuzi wa nyanya katika soko la Kilosa hana. Hawa hunyanyua ndoo, gunia na sufuria la wali wiki chache baada ya kujifungua, na misuli ya tumbo ndiyo mtaji wao wa kwanza. Kumwambia mwanamke wa namna hii kwamba anatafuta urembo ni kumkosea.

Soko la upasuaji wa umbo lenyewe liko Dar es Salaam. Miaka ya karibuni Mloganzila, tawi la Hospitali ya Taifa Muhimbili, imeanza kuweka puto la kupunguza uzito na kufanya upasuaji rekebishi. Tangu treni ya umeme ianze safari za Dodoma mwaka 2024 ikipitia Kilosa, kufika huko si kazi kubwa. Kikwazo ni bili. Anayetaka umbo la ujana wake alipe mwenyewe, na sina ugomvi na hilo. Mchango wa mkulima wa ufuta haupaswi kugharamia matakwa ya mtu mwingine.

Swali la kibiashara ni namna ya kumtenganisha huyo anayetaka umbo na mama aliyeumizwa na uzazi, na linajibika. Australia iliondoa fao la upasuaji wa kurekebisha tumbo kwa akina mama mwaka 2016, ikalirudisha Julai 1, 2022 kwa masharti: pengo lisilopungua sentimita 3 kwa kipimo cha picha, maumivu au tatizo la mkojo, mazoezi tiba yaliyojaribiwa yakashindwa, na miezi 12 iwe imepita bila ujauzito. Ufaransa hutazama ngozi: ikining'inia hadi kufunika sehemu ya kinena, bima ya taifa inaweza kulipa, mradi kibali kiombwe kabla. Masharti ya aina hii huwachuja waombaji, na mfuko unaweza kukadiria mzigo wake mapema.

Hofu ya mifuko yetu naielewa. Mwaka 2022 Watanzania waliokuwa na bima ya afya walikuwa takribani asilimia 15 tu, na CHF imeumia siku zote kwa watu kukata kadi wakishaugua. Kwa Sh5,000 kwa kichwa, mfuko hauwezi kuahidi upasuaji mkubwa kwa kila mama. Lakini kabla ya kisu kuna mazoezi tiba, yanayohitaji mtaalamu, mkeka na subira, na pale ngiri inapofunguliwa, gharama ya kushona na pengo ni nyongeza juu ya upasuaji ambao tayari umelipiwa. Hapo ndipo fedha kidogo ingefanya kazi kubwa.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inatenganisha kitita cha msingi na cha ziada. Muswada ulipojadiliwa mwaka 2022, mjadala ulinaswa kwenye Sh340,000 kwa kaya ya watu 6. Kilichomo ndani ya kitita hakikupata hata robo ya kelele hizo, na ndicho kinachomgusa mama wa Mikumi.

Mwenye bima ya kampuni binafsi asome orodha ya yasiyolipwa kabla ya kusaini, aulize kipindi cha kusubiri cha fao la uzazi, na amwombe daktari aandike kwenye rufaa dalili na vipimo, si neno "tumbo kubwa" peke yake. Dai likikataliwa bila maelezo, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, hupokea malalamiko.

Kwa wasio na bima hiyo, pa kuanzia ni kliniki. Hudhurio la mwisho baada ya kujifungua huwa kabla ya siku 42 kuisha. Muuguzi anaweza kulipima pengo kwa vidole mama akiwa amelala chali na kuinua kichwa kidogo, na mashine ya altrasaundi iliyotumika kumwangalia mtoto inatoa kipimo cha sentimita. Kikiandikwa kwenye kadi ya mama siku hiyo, mfuko wowote utakaodai ushahidi mwaka unaofuata utaukuta pale.