Chini ya Rangi: Kuihuisha Fremu ya Pikipiki Kuukuu Nyumbani

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, uani au chini ya ngazi, ipo pikipiki ambayo haijanguruma kwa miaka. Aghalabu ilikuwa ya babu au ya ami. Ilimpeleka kazini, sokoni na mazikoni, kisha ikafunikwa gunia siku alipoacha kuipanda. Siku hizi vijana wetu wamezirudia pikipiki hizo kwa mapenzi makubwa. Wanazifungua boliti kwa boliti, wanazisafisha, na kuziunga upya hadi zikawaka. Nasi twalisifu jambo hilo, kwani kazi ya mikono hufunza subira, na aghalabu huwakutanisha baba na mwana kwenye kiambaza kimoja kwa saa nyingi ambazo vinginevyo zingepotea.

Hata hivyo, kazi hiyo ina sehemu moja ambayo hutendwa kwa pupa kuliko nyingine zote, ilhali ndiyo inayobeba uhai wa mpandaji. Sehemu hiyo ni fremu, na pupa yenyewe ni ya kuiona iking'ara. Tumeona vyema juma hili tuikumbushe jamii kwamba rangi husitiri, haitibu. Fremu ikishapakwa, ufa uliokuwemo ungalimo na kutu iliyokuwemo ingalimo, ila sasa hapana jicho linaloviona. Wahenga walituonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Basi atakaye fremu ya kuaminika, naatumie siku nyingi zaidi kabla ya kupaka rangi kuliko siku za kupaka.

Hati kabla ya msasa

Kazi ya kwanza haihitaji chombo chochote. Kila fremu imepigwa muhuri wa namba ya chasisi, mara nyingi kwenye shingo ya usukani. Itafute, isafishe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, uilinganishe na logibuku herufi kwa herufi. Namba hiyo ndiyo kitambulisho cha chombo mbele ya NTSA. Isipitishwe tupa wala msasa mkali, na wakati wa kuondoa rangi ifunikwe. Rangi nzito nayo huweza kuijaza hata isisomeke, na pikipiki isiyosomeka namba humtia mwenyewe katika mashaka njiani na kwenye ukaguzi.

Ikiwa logibuku ina jina la marehemu, pana jambo jingine. Chombo hicho ni sehemu ya mirathi, na warithi wote wana haki nacho hadi kigawanywe. Kijana akitia fedha zake katika mali ambayo bado ni ya wengi, anajitafutia ugomvi siku pikipiki itakapopendeza. Familia na ikae kwanza ikubaliane, na pakiwa na mzozo, Mahakama ya Kadhi ina mamlaka ya mirathi kwa Waislamu wa nchi yetu.

Kuijua fremu uliyo nayo

Fremu si zote za aina moja, na kila aina ina ugonjwa wake. Honda Super Cub, iliyotoka Japani mwaka 1958 na ambayo kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimeundwa zaidi ya milioni 100, ina kiwiliwili cha bati nene lililokandamizwa kwa mashine na kuunganishwa. Bati hilo ni tupu ndani. Maji na matope yanayorushwa na gurudumu la nyuma hujificha humo, na kutu hula kutokea ndani kwenda nje. Nje paweza kuonekana pazima ilhali kidole kikibonyeza kwa nguvu kinapenya.

Pikipiki za Kiingereza zina tabia nyingine. BSA Bantam, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948 kwa kufuata muundo wa DKW RT 125 ya Ujerumani, ilijengwa kwa mabomba ya chuma. Na nyingi za Kiingereza zilizotangulia na zilizofuata zilikuwa na mabomba yaliyochomekwa katika viungo vya chuma cha kusubu, kisha yakashikizwa kwa shaba iliyoyeyushwa. Ukiona viungo vinene kama vifundo penye makutano ya mabomba, mwambie fundi wa kuchomea kabla hajawasha mashine yake. Kuchomelea kwa umeme juu ya shaba huuharibu mshiko, na kiungo huweza kupasuka baadaye chombo kikiwa mwendoni. Kiungo cha namna hiyo hurekebishwa kwa gesi na shaba, na fundi aijuaye kazi hiyo.

Piga picha nyingi kabla ya kufungua: njia za nyaya, mahali pa kila washa, upande wa kila boliti. Weka boliti za kila sehemu katika mkebe wake, uuandike jina. Kisha fremu ikibaki peke yake, nyosha uzi kutoka nyuma hadi shingo, pande zote mbili, upime kama pande zinalingana. Fremu iliyowahi kuanguka vibaya huwa imepinda shingoni, na hapana rangi itakayoinyosha.

Ufa hauonekani kwa macho matupu

Nyufa hupenda mahali penye mzigo na mtikiso: shingo ya usukani, vishikio vya injini, egemeo la mkono wa nyuma unaobeba gurudumu, na mashina ya stendi na vikanyagio. Ziko dawa za rangi nyekundu zinazotengenezwa kwa ajili ya kuzifichua, lakini mafundi wa zamani walitumia vitu vilivyomo katika kila nyumba. Chuma kikishavuliwa rangi na kusafishwa, pakwa mafuta ya taa mahali panaposhukiwa, uyaache yapenye kwa dakika kadhaa. Kisha pafutwe pakauke kabisa, na papakwe chaki iliyosagwa. Penye ufa, mafuta yaliyojificha hupanda tena na kuchora mstari mweusi katikati ya weupe wa chaki.

Mstari huo ukionekana, kazi ya rangi isimame. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika pikipiki ukuta wenyewe ni mfupa wa binadamu. Fundi auchimbe ufa hadi mwisho wake, auchomelee, na bati likiwa limeoza likatwe hadi penye chuma kizima, pawekwe kipande kipya. Puti, lile bandiko la kusawazishia mabonde, halina nguvu ya kubeba chochote. Anayeziba tundu la kutu kwa puti kisha akalipaka rangi amemwekea mtego mtu atakayepanda baada yake, na huenda mtu huyo akawa mwanawe.

Wajenzi wa majahazi wetu waliijua kanuni hii. Chombo kilipopandishwa ufuoni, ubao uliooza ulitolewa kwanza, ndipo kalafati ikatiwa na shahamu ikapakwa. Hapana nahodha aliyekubali kupaka shahamu juu ya ubao mbovu.

Kuvua rangi, na afya ya walio nyumbani

Hapa ndipo pikipiki inapoigusa familia nzima. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi, sumu inayodhuru akili ya mtoto hata kwa kiasi kidogo. Marekani iliikataza katika rangi za nyumbani mwaka 1978, lakini pikipiki zilizopakwa kabla na hata baada ya hapo zingalipo. Basi rangi kuukuu isisuguliwe kikavu uani, mahali watoto wanapocheza na nguo zinapoanikwa. Itumike msasa wa maji, ili vumbi ligeuke tope. Tope likusanywe juu ya karatasi ya nailoni na litupwe pamoja nayo. Afanyaye kazi abadili nguo na aoge kabla ya kumbeba mtoto.

Dawa za kulainisha rangi nazo zina hatari yake. Baadhi zina kemikali iitwayo dikloromethani, ambayo mvuke wake ukivutwa hugeuka ndani ya mwili kuwa gesi ile ile ya moshi wa jiko la makaa, na imewaua watu waliojifungia chumbani. Kazi hiyo ifanywe nje, penye upepo, kwa glavu na miwani. Petroli isitumike kuoshea mafuta machafu, kwani mvuke wake hutambaa chini na kulifuata jiko hata likiwa mbali. Sabuni na mafuta ya taa yatosha. Na jambo tunalolisisitiza kuliko yote ni kwamba tina, dawa ya rangi wala mafuta ya taa yasimiminwe kamwe katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi kilichoandikwa.

Wengine hupenda kuipeleka fremu ikapigwe mchanga kwa mashine ya upepo. Njia hiyo husafisha hata pembe ambazo brashi ya waya haifiki, lakini mchanga wenyewe ni suala. Mchanga wa kawaida ukivunjika hutoa vumbi la silika linaloganda mapafuni na kuyakausha daima; Uingereza iliukataza kwa kazi ya kusafishia chuma kwa kanuni za mwaka 1949. Mchanga wa ufuoni una ubaya wa ziada, kwani chumvi yake hupigiliwa ndani ya chuma kile kile tunachotaka kukiokoa. Muulize fundi anatumia nini. Garneti, oksidi ya alumini au shanga za kioo ni bora. Na kwa fremu ya bati, shinikizo lipunguzwe, bati lisije likayumba.

Chumvi, hewa na saa ya kupaka

Bara, chuma kilichovuliwa rangi chaweza kungoja. Kwetu sisi wa mwambao, chuma cheupe cha asubuhi huanza kugeuka rangi ya chai kabla ya machweo, hasa katika msimu wa kusi. Chumvi ya bahari imo hewani, na ikibaki chini ya rangi huvuta unyevu hadi rangi ikavimba malengelenge. Kwa hiyo fremu ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Maji ya visima vyetu vingi yana magadi. Ya mvua yaliyokingwa ni bora. Ikaushwe mara moja, na kutu iliyosalia mashimoni ipakwe dawa yenye asidi ya fosforiki kwa kufuata maelezo ya mkebe.

Kisha chagua saa. Wapakaji wa meli na madaraja hushika kanuni kwamba chuma kiwe na joto lisilopungua digrii 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutanda, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Kwa lugha ya nyumbani, chuma kilicholala nje hutoka jasho alfajiri kama bilauri ya maji ya barafu, na rangi haishiki juu ya jasho. Siku kavu ya kaskazi, kuanzia saa nne asubuhi, jua likishakipasha chuma, ndiyo saa njema. Rangi ya msingi, ya epoksi ikipatikana, ipakwe ndani ya saa chache tangu kusafisha. Asiyeweza siku hiyo na aiache rangi kuukuu mahali pake mpaka ataweza.

Kwa rangi ya juu, njia ni tatu. Rangi ya kawaida ya mafuta, kwa brashi nzuri au kwa mashine, katika matabaka membamba, humfaa mtu wa nyumbani; inataka subira ya siku kadhaa ipate kukomaa. Rangi ya kuchanganywa na dawa ya kugandisha ni ngumu zaidi, lakini dawa hiyo ina isosayaneti inayoweza kumpa mpulizaji pumu ya maisha, na barakoa ya kitambaa au karatasi haizuii. Hiyo ni ya karakana yenye chumba na hewa ya kupumulia, si ya uani. Ya tatu ni rangi ya unga, inayookwa kwa joto la digrii 180 hadi 200. Ni imara, lakini puti ya kawaida haihimili joto hilo, na ikikwanguka penye ufuo maji hutambaa chini yake bila kuonekana.

Kwa njia yoyote, ziba kwanza viti vya beringi, meno ya boliti, egemeo la mkono wa nyuma na mahali waya wa betri unapoishika fremu. Rangi ikiingia humo, beringi haikai sawa na umeme haupiti. Baada ya kukauka, mimina mafuta ya kuzuia kutu ndani ya mabomba, na uhakikishe matundu madogo ya chini yako wazi ili maji yapate njia ya kutokea.

Tunamaliza kwa shauri moja jepesi. Siku fremu itakapokuwa tupu, imesafishwa na kukaguliwa, kabla ya tone la kwanza la rangi, ipigwe picha kila upande: namba, viungo, mahali palipochomelewa. Picha hizo zitiwe katika bahasha moja na logibuku. Atakayeirithi pikipiki hiyo, au atakayeinunua, atakuwa na haki ya kujua kilichomo chini ya mng'aro, na aliyeitengeneza kwa uaminifu hatakuwa na la kuficha.