Hatari ya Majani Mabichi Baada ya Kiangazi

Mara nyingine ng'ombe aliyevumilia kiangazi chote hufa siku chache baada ya mvua kunyesha, na mwenyewe hustaajabu, kwa kuwa amefia penye majani mabichi. Wafugaji wa Gataka na wa mbuga zote za Kitengela na Kajiado, walioonjeshwa ukame wa misimu mitano mfululizo tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi 2022, yawafaa kuijua sababu yake.

Mmea hauwezi kuhamia penye maji kama wahamavyo Wamasai na mifugo yao. Ardhi ikikauka, hufunga vitundu vidogo vya majani yake, na utomvu wake huwa mzito wenye sukari nyingi, ili kuyashika maji yaliyosalia. Katika hilo hapana dhara. Dhara limo katika vitu viwili vingine.

Cha kwanza ni dhurini, iliyomo katika mtama na nyasi ya Sudani. Peke yake haidhuru. Lakini ng'ombe akilitafuna jani, huchanganyika na kitu kingine kilichotengwa nayo ndani ya jani lile lile, na papo hapo hutoka sianidi, sumu ile ile ya muhogo mchungu. Dhurini huzidi sana katika machipukizi, na hasa katika mtama uliodumazwa na jua kisha ukachipua upya. Mnyama mwenye njaa akiula kwa pupa aweza kuanguka katika muda wa dakika chache, na damu yake huwa nyekundu mno.

Cha pili ni chumvi ya nitrati, ambayo mizizi huinyonya ardhini, zaidi penye samadi nyingi kama mahali palipokuwa boma zamani. Mvua ikiwa njema, mmea huigeuza nitrati kuwa chakula cha kujengea mwili wake. Wakati wa ukame kazi hiyo hulegea, nayo nitrati hurundikana, hasa chini ya shina. Tumboni mwa ng'ombe hugeuka nitriti, ambayo huizuia damu kuchukua hewa. Damu hiyo huwa ya rangi ya kahawia.

Wengi hudhani kwamba jua huondoa sumu zote. Sivyo. Mtama uliokaushwa barabara hupungukiwa sana na sianidi, kwani hiyo hupaa kama mvuke. Lakini nitrati hubaki vile vile hata katika nyasi kavu. Basi anayekata mtama uliopigwa na ukame aache shibiri moja ya shina shambani. Wala asiachie ng'ombe katika machipukizi kabla hayajafika kimo cha sentimita 60, na siku hiyo awashibishe kwanza nyasi kavu zilizo salama.

Mnyama akianguka, daktari wa mifugo aitwe upesi, naye aelezwe mnyama alikula nini na damu ni ya rangi gani. Sumu ya mtama hutibiwa kwa sindano ya thiosalfeti ya sodiamu, na ya nitrati kwa dawa ya buluu iitwayo methilini bluu.