Dramu Kubwa, Chumba Kidogo

Mwaka 1966, katika studio za EMI zilizoko Abbey Road jijini London, fundi mitambo wa miaka 20, Geoff Emerick, alisokomeza sweta la sufu ndani ya dramu ya mguu ya Ringo Starr, mpigaji wa bendi ya Beatles, kisha akasogeza maiki karibu nayo kuliko kanuni za kampuni zilivyoruhusu. Mlio ukatoka mfupi, mzito, usiovuma ovyo. Beatles wakaupenda.

Sweta hata mrekodi wa chumbani analo. Hata hivyo, studio nyingi za majumbani Dar es Salaam na Nairobi huona afadhali kuunda mdundo kwa kompyuta, na si uvivu: seti ya dramu ina kelele, inakula nafasi, tena inaumbua chumba.

Hilo la mwisho ndilo gumu. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la mitetemo 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 7. Katika chumba cha mita 3.4, nusu ya wimbi hilo inaenea barabara kutoka ukuta hadi ukuta. Matokeo yake, besi hujirundika kutani na kupwaya katikati. Kuihamisha seti nusu mita tu kunaweza kubadilisha mlio kuliko kifaa chochote cha dukani. Kuta za saruji na sakafu ya vigae nazo huzirudisha sauti kali za matoazi bila huruma.

Dari ndiyo ya kushughulikia kwanza. Maiki ikining'inia sentimita 40 chini yake, mwangwi huifikia karibu mara moja na kufuta baadhi ya sauti. Godoro au blanketi nene lililofungwa juu ya seti husaidia sana. Trei za mayai, pamoja na umaarufu wake wote, hazifui dafu. Ila godoro halizuii kelele kumfikia jirani. Hiyo ni kazi ya ukuta mzito na milango isiyo na nyufa, au basi ya kumwomba jirani mapema.

Maiki zenyewe zisizidi nne. Glyn Johns, aliyerekodi albamu ya kwanza ya Led Zeppelin mwaka 1968, anajulikana kwa mpango huu: maiki moja juu ya seti, nyingine ubavuni upande wa dramu ya sakafuni, moja mbele ya dramu ya mguu, na pengine ya nne karibu na sneya, ile dramu ndogo ya mlio mkali. Siri iko kwenye zile mbili za kwanza, ambazo lazima ziwe umbali sawa kutoka katikati ya sneya. Sauti huchukua karibu milisekunde 3 kuvuka mita moja, na tofauti ndogo ya umbali hufanya maiki mbili zipingane, sneya ikasikika nyembamba kama bati. Kamba ya kawaida inatosha kupimia.

Mpigaji naye ana sehemu yake. Anayeponda matoazi na kuigusa sneya kwa woga hataokolewa na maiki yoyote. Chumbani inafaa afanye kinyume. Na mwenye fedha kidogo asikimbilie maiki ya tano. Anunue kwanza ngozi mpya za dramu, azikaze vizuri, ndipo abonyeze kitufe cha kurekodi.