Waipa za Motokaa

Motokaa haina macho. Macho yake ni ya dereva, naye huitazama njia kupitia kioo cha mbele. Mvua kubwa inyeshapo, kioo hicho hufunikwa na maji, na dereva asiyeiona njia aweza kumgonga mtoto atokaye shuleni. Kwa hiyo waipa, yaani zile fimbo zenye mpira zifutazo kioo, ni kitu kidogo chenye kazi kubwa.

Mwaka 1903 mwanamke wa Marekani, jina lake Mary Anderson, alipewa hati ya serikali kwa kubuni chombo cha kufuta kioo. Dereva aliketi ndani akivuta mpini kwa mkono, na mpira ukapita juu ya kioo. Siku hizi kazi ya mkono ule hufanywa na mota ya umeme. Mota huzunguka, na vyuma vilivyounganishwa nayo hugeuza mzunguko ule kuwa mwendo wa kwenda na kurudi. Vyuma hivyo huvipeleka huku na huku vijiti viwili vya chuma vilivyotokeza chini ya kioo, ambavyo fimbo za waipa zimekazwa juu yake kwa nati.

Vyuma hivyo vimefichika chini ya kifuniko, mahali ambapo majani makavu, vumbi na maji hukusanyika. Grisi ikikauka, kutu huingia, na waipa huenda polepole kama mzee apandaye mlima. Mota hutaabika, na fyuzi yaweza kuungua. Tena ubovu huu huonekana siku ya mvua, maana siku ya jua hakuna aziwashaye.

Kazi ya kuzisafisha yaweza kufanywa nyumbani kwa spana, brashi, matambara na grisi. Kwanza waipa zizimwe zikiwa zimelala mahali pake, na waya wa hasi wa betri ufunguliwe, kwa kuwa mota ikizunguka ghafula yaweza kuponda vidole. Kisha mahali ilipolala kila fimbo patiwe alama, na kioo kitandikwe kitambaa kinene. Fimbo ina springi yenye nguvu, nayo ikiponyoka yaweza kupasua kioo. Ndipo nati zifunguliwe, fimbo zitolewe taratibu, na kifuniko kiondolewe.

Majani yaondolewe yote, na matundu ya kupitishia maji yazibuliwe. Grisi kuukuu ifutwe kwa tambara lenye mafuta ya taa kidogo, mbali na moto. Chuma kinachounganisha vijiti na mota kifunguliwe, ili vijiti vijaribiwe kwa mkono. Kilichoshikwa na kutu kitiwe mafuta mepesi, kiachwe kwa muda, kisha kigeuzwe huku na huku hadi kilegee. Viungo vyote vipakwe grisi mpya kidogo. Mpira na kioo visiguswe na grisi kamwe, kwa maana kioo chenye mafuta huzidi kumpofusha dereva. Kijiti kikiendelea kugoma, gari lipelekwe kwa fundi.

Mwisho kila kitu kirudishwe, fimbo zilale penye alama zake, waya wa betri ufungwe, kioo kimwagiwe maji, na waipa zijaribiwe.

Abiria hawataiona kazi hii, wala hawataisifu; lakini siku ya mvua watafika salama. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tena ukuta huweza kujengwa upya, bali uhai ukitoka haurudi.