Mzee Akinyamaza, Muulize



Leo tuzungumze juu ya wazee wetu. Mimi kwa umri ni mjukuu wao. Kwa hiyo nasema kwa heshima, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Nilipoanza kazi katika zahanati moja, bibi mmoja alikuja mara tatu katika mwezi mmoja. Alisema, "Mgongo unauma. Mwili wote unauma. Silali." Mara zote tatu nilimpa vidonge vya maumivu. Alishukuru, akaenda zake.

Mara ya nne alikuja na mjukuu wake. Bibi alikuwa amekonda, shuka linampwaya. Nikamwuliza mtoto, "Koko anakula?" Mtoto akajibu, "Chakula chake anatupa sisi."

Ndipo nikaweka vidonge kando, nikakaa, nikauliza. Mume wake alikuwa amekufa. Ng'ombe waliobaki baada ya ukame walikwenda kwa wanawe. Yeye alihamishiwa boma la mwanawe mkubwa. Nyumba aliyoijenga kwa mikono yake ilibaki tupu. Akasema, "Kule nilikuwa nakamua. Hapa mke wa mwanangu anakamua. Mimi nakaa mlangoni."

Wanawe si watu wabaya. Walimpa maziwa, nyama na mahali pa kulala. Walitaka apumzike. Lakini katika muda mfupi alipoteza mume, nyumba, mifugo na kazi. Hakuna aliyemwuliza anaonaje.

Mabadiliko ya uzeeni

Kijana wa Kimaasai akitoka katika umorani na kuingia uzee, watu hukusanyika. Ipo sherehe ya Olng'esherr. Anajua ametoka wapi na anakwenda wapi. Lakini mabadiliko ya uzeeni mara nyingi huja bila sherehe. Macho yanapungua nguvu. Mwenzi anakufa. Watoto wanakwenda Arusha kutafuta kazi.

Sisi wa Engaresero tunayajua mabadiliko. Mwaka 2007 mlima Oldoinyo Lengai ulilipuka. Majivu yaliharibu malisho, na kaya kadhaa zilihama na mifugo yao. Mwaka 2009 ukame uliua ng'ombe wengi sana Ngorongoro, Longido na Monduli. Kijana aliyepoteza ng'ombe anaweza kuanza tena. Mzee hujiuliza kama miaka yake inatosha. Na mzee asiye na ng'ombe huweza kuona aibu hata kusema barazani.

Dalili za kuangalia

Kulia na kukosa usingizi baada ya msiba ni kawaida. Si ugonjwa. Lakini angalia mambo haya:

1. Mzee hali vizuri, anakonda.
2. Haendi tena barazani wala kwa jirani.
3. Anasema, "Mimi ni mzigo," au anasema afadhali afe.
4. Ameanza kunywa pombe kuliko zamani.
5. Ameacha dawa zake, kama za shinikizo la damu.

Mambo haya yakiendelea zaidi ya wiki mbili, mlete zahanati. Huzuni kubwa isiyoondoka ni ugonjwa, nao una matibabu. Mzee akizungumzia kujiua, usimwache peke yake. Mlete siku hiyo hiyo.

Usiseme, "Ni uzee tu." Mzee asiyetoka nje pengine haoni. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, na mtu huona tena. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, huenda ana malaria, homa ya mapafu au upungufu wa maji mwilini. Mdomo ukipinda ghafla, au mkono mmoja ukilegea, huenda ni kiharusi. Hapo usingoje kesho.

Tufanye nini?

Kwanza, tumwulize kabla ya kumhamisha. Anataka kukaa wapi? Achukue nini? Kibuyu chake na kigoda chake viende naye.

Pili, tusimnyang'anye kazi zote. Mpe kazi anayoiweza: kuangalia ndama, kuwafundisha watoto majina ya majani ya malisho, kuamua ugomvi. Kazi hiyo iwe ya kweli. Mtu mzima anajua anapodanganywa.

Tatu, asile peke yake. Mtu mmoja akae naye wakati wa chakula. Akipenda kumtaja marehemu, mwache amtaje.

Nne, apimwe macho na shinikizo la damu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi. Ulizeni katika ofisi ya kijiji au kwa afisa ustawi wa jamii ni msaada gani wa matibabu upo kwa mzee asiye na uwezo.

Tano, msiache mzigo wote kwa mwanamke mmoja wa boma. Anayemtunza mzee naye huchoka. Gawaneni zamu.

Yule bibi

Wanawe walikuja tukazungumza. Hawakukasirika. Walimpa mbuzi wanne wa maziwa wawe wake. Mjukuu akahamia kulala kwake. Sitasema bibi alipona siku ile. Bado analia mara kwa mara. Lakini alirudi kupima uzito, na ulikuwa umeongezeka. Siku moja hakutaka kungoja zamu yake. Alisema ana haraka, mbuzi wake hawajakamuliwa.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Hata hili la wazee halihitaji fedha nyingi. Linahitaji tukae na kuzungumza. Someni habari hii pamoja, kisha mjadili:

1. Ni mzee gani karibu nasi aliyefiwa au kuhama mwaka huu?
2. Nani amemtembelea wiki hii?
3. Ni kazi gani tumemnyang'anya ambayo bado anaiweza?

Ukishajibu swali la pili, simama uende ukamwamkie.